Mazoezi ya Pamoja ya Majeshi ya Wanamaji: Maswali Ambayo Watu wa Kisumu na Magharibi mwa Kenya Huuliza

Manowari za kigeni zikitia nanga Mombasa, maswali hayakawii kufika huku ziwani. Huulizwa gatini Kisumu, ufuoni Dunga mashua zikisubiriwa, na katika vijiji vya Busia, Siaya na Kakamega ambako vijana hujiandaa kwa usajili wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, KDF. Yale yanayojirudia sana yamekusanywa hapa. Majibu mengi ni ya Bahari ya Hindi, maana huko ndiko kazi hii hufanyika, lakini anayeyajibu anakaa kando ya ziwa na hafichi kwamba moyo wake uko huku.

Mazoezi ya pamoja ya wanamaji ni kitu gani hasa?

Ni siku au majuma ambayo majeshi ya wanamaji ya nchi mbili au zaidi hukutana na kufanya kazi pamoja kabla dharura haijawalazimisha. Adui huwa wa kubuni, meli iliyotekwa huwa ya kubuni, hata mtu aliyeanguka majini mara nyingi ni sanamu. Mawimbi, redio, mafuta na amri ni vya kweli. Wachezaji wa Gor Mahia na wa AFC Leopards wakiitwa Harambee Stars huingia kambini kwanza: kila mmoja ni hodari kwao, ila hajazoea pasi za mwenzake. Majeshi nayo ni hivyo hivyo.

Ukubwa wake hutofautiana mno. RIMPAC, inayofanyika Hawaii, ilianza mwaka 1971, na mwaka 2024 ilikusanya nchi 29 na watu zaidi ya 25,000. UNITAS ya huko Amerika ya Kusini ipo tangu 1960. Kwa upande mwingine kuna mazoezi ya saa chache tu: manowari mbili zinakutana njiani, zinapeana ishara, helikopta ya moja inatua kwenye sitaha ya nyingine, kisha kila moja inashika njia yake.

Kenya hushiriki mazoezi yapi?

Yanayosikika zaidi ni Cutlass Express, yanayofadhiliwa na kamandi ya jeshi la Marekani inayoshughulikia Afrika. Yanahusu Afrika Mashariki na magharibi mwa Bahari ya Hindi. Mwaka 2021 Kenya ndiyo iliyokuwa mwenyeji, na shughuli za ufunguzi zilifanyika Bandari Maritime Academy, Mombasa. Miongoni mwa washiriki mwaka ule ilikuwamo Rwanda, nchi isiyo na hata hatua moja ya pwani. Wanaosema kwamba mambo ya wanamaji ni ya watu wa pwani peke yao wanapaswa kulitafakari hilo. Mwaka uliofuata Cutlass Express iliunganishwa na mazoezi mengine makubwa, IMX, yenye nchi zipatazo 60.

Aprili 2025 India na Tanzania ziliandaa AIKEYME, mazoezi ya wanamaji wa India na wa Afrika, mjini Dar es Salaam, na Kenya ilikuwamo. Sambamba na hayo, meli ya India INS Sunayna ilisafiri katika Bahari ya Hindi ikiwa na wanamaji 44 kutoka nchi 9 rafiki, na Wakenya walikuwa humo wakipanga zamu pamoja na Wahindi. Mimi naona safari ya namna hiyo ina thamani kuliko sherehe yoyote ya gatini. Ukilala meli moja na mtu, ukashika zamu ya usiku naye, siku ya shida utaijua sauti yake redioni.

Kuna pia Ushirikiano Imara, mazoezi ya majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hayo si ya wanamaji peke yao. Huwa na wanajeshi, polisi na raia.

Wakiwa mazoezini wanafanya nini? Ni kupiga mizinga tu?

Mizinga hupigwa wakati mwingine, na ndiyo inayoonyeshwa kwenye televisheni. Lakini kazi kubwa ya mazoezi haya katika eneo letu ni ya namna tatu, na haina kishindo.

Ya kwanza ni kupanda meli na kuipekua. Boti yenye kasi inaisogelea meli ambayo bado inakwenda, ngazi inatupwa, wanamaji wanakwea mmoja mmoja na silaha mgongoni. Wengine huelekea kwa nahodha, wengine chumba cha mitambo, wengine huwakusanya mabaharia mahali pamoja ili asiwepo wa kufanya ujanja. Kisha huja makaratasi: orodha ya mabaharia, orodha ya shehena, bandari ilikotoka, bandari inakokwenda. Jahazi linasema limebeba samaki; je, barafu iliyomo inatosha samaki hao? Chini ya barafu kuna nini? Heroini inayosafirishwa kutoka Asia kuja pwani ya Afrika Mashariki hufichwa humo humo, kwenye matangi, chini ya mbao za sakafu, nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala.

Kupata mzigo si mwisho. Kuna kupiga picha, kufunga lakiri, kuandika nani alishika nini na saa ngapi, ili ushahidi ufike mahakamani ukiwa mzima. Kenya inalijua hili vizuri. Miaka ya uharamia wa Somalia, manowari za kigeni ziliwaleta washukiwa Mombasa, wakawekwa rumande Shimo la Tewa na kusomewa mashtaka katika mahakama zetu. Kilichomfunga mtu au kumwachilia kilikuwa ushahidi uliokusanywa mamia ya maili kutoka nchi kavu, na wanamaji wa taifa jingine. Sehemu hii ya mazoezi ndiyo ninayoithamini kuliko zote.

Ya pili ni kupeana taarifa. Mwaka 2009 nchi za eneo hili zilitia saini Kanuni za Djibouti za kupambana na uharamia, na mwaka 2017, kule Jeddah, zikapanuliwa zihusu pia magendo ya silaha na dawa za kulevya, biashara ya watu na uvuvi haramu. Vituo vya kupashana habari viliwekwa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Baadaye kituo cha Madagaska kikachukua kazi ya kuunganisha taarifa, na cha Ushelisheli kazi ya kupanga operesheni. Mazoezini, meli ya kubuni huzima kifaa chake cha kujitambulisha na kupotea kwenye ramani. Vituo hupimwa: nani ameona, amemwambia nani, na imechukua muda gani meli ya doria iliyo karibu kupata habari?

Ya tatu ni utafutaji na uokoaji. Mombasa ina kituo cha uratibu wa uokoaji baharini tangu mwaka 2006, na eneo lake linagusa pia Tanzania, Ushelisheli na Somalia. Katika mazoezi hutupwa sanamu majini, upepo na mkondo vinapigiwa hesabu, bahari inagawanywa vipande, kila meli inapewa kipande chake. Ni kazi ya subira na ramani.

Wanaelewanaje na kila mmoja ana lugha yake?

Redioni hutumika Kiingereza kifupi chenye maneno yaliyokubaliwa, na chaneli 16 ya VHF ndiyo ya mwito wa dharura duniani kote. Ziko bendera za ishara ambazo maana yake ni moja kwa mataifa yote, na taa za kumulika redio ikinyamaza. Kwa ziwa letu mambo ni mepesi zaidi: mvuvi wa Mbita, wa Musoma na hata wa visiwa vya Uganda wanaweza kusikizana kwa Kiswahili, na Dholuo inazungumzwa Homa Bay kama inavyozungumzwa Rorya, Tanzania. Lugha haiwezi kuwa kisingizio chetu.

Mazoezi yana tofauti gani na operesheni?

Operesheni ni kazi yenyewe. Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ulianza operesheni Atalanta dhidi ya maharamia wa Somalia. Mwanzoni mwa 2009 muungano wa wanamaji wenye makao yake Bahrain uliunda kikosi cha 151 kwa kazi hiyo hiyo, na NATO ikaleta meli zake hadi mwaka 2016. Kenya ni mwanachama wa muungano huo wa Bahrain.

Wakenya wenyewe walifanya operesheni ambayo inazungumzwa hadi leo: Septemba 2012 wanamaji wetu waliwashusha askari ufuoni karibu na Kismayu usiku, na mji ukaponyoka mikononi mwa Al-Shabaab. Kushusha askari kutoka majini kuingia ufuo wa adui ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa za kijeshi, na hakuna anayeifanya siku ya kwanza bila kuwa ameirudia mara nyingi mazoezini.

Je, ushirikiano huu umeleta faida inayoonekana?

Ndiyo. Shirika la kimataifa la biashara linalohesabu mashambulizi baharini liliorodhesha mashambulizi 237 ya maharamia wa Somalia mwaka 2011. Mwaka 2015 hakukuwa na hata moja. Si manowari peke yake zilizofanya hivyo. Meli za mizigo ziliweka walinzi wenye silaha na seng'enge, zikaongeza mwendo na kukaa mbali na pwani. Lakini bila majeshi kupeana taarifa, zile meli chache za doria zisingetosha bahari pana kiasi kile.

Uharamia haukufa kabisa. Desemba 2023 meli ya mizigo Ruen ilitekwa, na Machi 2024 jeshi la wanamaji la India likaikomboa: maharamia 35 walijisalimisha, na mabaharia 17 wakatoka salama.

Sisi wa Kisumu, Kericho au Nakuru bahari inatuhusu nini?

Mafuta unayowekewa kwenye bodaboda yako Kondele yameshushwa Mombasa kutoka kwenye meli, yakapita bombani kupitia Nairobi na Nakuru hadi matangi ya Kisumu na Eldoret. Kutoka Kisumu mengine huvuka ziwa kwenda Uganda. Chai ya Kericho na Nandi huuzwa kwenye mnada wa Mombasa na kupakiwa kontenani kwenda Pakistani, Misri, Uingereza na kwingineko. Ngano inayotengeneza chapati zetu, sehemu kubwa huja kwa meli.

Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi ziliamua kuzunguka Afrika kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikarefuka kwa siku nyingi, bima ikapanda, na gharama hizo huteremka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mama muuza chapati na mkulima anayesubiri bonasi ya chai. Kwa hiyo mwanamaji anayekesha mbali na Lamu anafanya kazi ambayo matokeo yake yanaonekana katika soko la Kibuye.

Manowari za kigeni kuja kwetu si kuiuza nchi?

Swali hili lina haki ya kuulizwa, na wanaoliuliza wasibezwe. Sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa inaipa kila nchi maili 12 za baharini kutoka pwani yake kama eneo lake kamili, na hadi maili 200 za haki za kiuchumi, yaani samaki, mafuta na madini. Meli ya kivita ya kigeni haifanyi mazoezi ndani ya hizo 12 bila ruhusa ya mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayekubali tarehe, maeneo na aina ya silaha.

Hata hivyo nchi kubwa haziji kwa hisani tupu. Marekani, India, China na za Ulaya kila moja ina maslahi yake katika Bahari ya Hindi: njia za mafuta, masoko, na kutazamana zenyewe kwa zenyewe. Msimamo wangu ni kwamba Kenya ifanye mazoezi na wote wanaoheshimu sheria zetu, ijifunze yote inayoweza kujifunza, na Bunge lielezwe wazi makubaliano yanasema nini, hasa askari wa kigeni akikosea ndani ya nchi yetu ashtakiwe wapi. Wananchi wanaostahili majibu hayo ni wengi, na si wa pwani peke yao.

Nani hulipa?

Kwa kawaida kila nchi hugharamia meli na watu wake, na mfadhili wa mazoezi hubeba sehemu kubwa ya maandalizi.

Jeshi la Wanamaji lina uhusiano wowote na Ziwa Victoria?

Lina uhusiano mkubwa kuliko watu wanavyodhani. MV Uhuru, meli ya kubeba mabehewa ya reli, iliundwa Scotland, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa Kisumu miaka ya 1960. Baada ya kukaa gatini miaka mingi bila kazi, mafundi wa Jeshi la Wanamaji la Kenya waliifufua mwaka 2019, ikaanza tena kuvuka kwenda Port Bell, Uganda. Wanajeshi hao walishiriki pia kuikarabati bandari ya Kisumu. Leo Kenya Shipyards, kampuni iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi, ina karakana ya meli papa hapa Kisumu, na humo ndimo ilimoundwa MV Uhuru II kwa ushirikiano na Damen ya Uholanzi. Vijana wa hapa wamejifunza kuchomelea bamba za meli bila kuondoka nyumbani, jambo linalonipa fahari kubwa.

Historia ni ndefu zaidi ya hapo. Juni 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kiingereza, wa Kihindi na wa Kiafrika walipanda meli za mizigo hapa Kisumu na kuvuka kwenda kuishambulia Bukoba iliyokuwa ya Wajerumani. Shabaha kubwa ilikuwa mtambo wa redio uliokuwa pale. Hata wakati ule aliyeweza kuwasiliana ndiye aliyehofiwa.

Mvuvi akisimamishwa na boti ya doria afanye nini?

Punguza mwendo, zima injini ukiambiwa, mikono ionekane, usitupe kitu majini. Kuwa na leseni ya uvuvi, usajili wa mashua na jaketi za kuokolea za watu wote waliomo. Ukiona umeonewa, andika tarehe, mahali, saa na namba ya boti, upeleke kwa BMU yako, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, siku hiyo hiyo. Malalamiko yasiyo na saa wala mahali hayafiki mbali.

Kijana wa Vihiga au Bungoma anaweza kuwa mwanamaji?

Anaweza, na safari yake haianzii pwani. Makurutu wote wa KDF, wakiwemo wa Jeshi la Wanamaji, hupitia shule ya makurutu ya Moi Barracks, Eldoret. Wanaosomea uafisa huanzia chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru. Baada ya hapo ndipo wanamaji huteremka Mtongwe, Mombasa, makao ya jeshi lililoanzishwa Desemba 1964. Jenerali Joseph Kibwana na Jenerali Samson Mwathethe walitoka katika jeshi hilo na wakafika kuongoza majeshi yote ya Kenya.

Usajili hutangazwa magazetini na hufanyika kaunti kwa kaunti, bila malipo. Anayekuambia umpe pesa akuingizie jina ni tapeli. Mzazi asiuze ng'ombe wala shamba kwa ajili ya barua ya kughushi, wameumia wengi.

Je, mazoezi kama haya yanaweza kufanyika ziwani?

Yanaweza, na yanahitajika kuliko mahali pengine popote ninapopafahamu. Ziwa lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Kenya ina karibu asilimia 6 tu, zilizosalia ni za Tanzania na Uganda. Wavuvi wetu huvuka mpaka usioonekana kila usiku. Migingo, kisiwa chenye mabati mengi kuliko mawe, kimeleta uhasama kwa miaka mingi kwa sababu ya mbuta walio majini kukizunguka. Wavuvi wamelalamika mara nyingi kukamatwa na kunyang'anywa samaki na nyavu.

Zaidi ya ugomvi kuna vifo. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakafa. Waokoaji walitoboa sehemu ya meli iliyokuwa bado juu ya maji, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, meli ikazama na waliokuwa hai ndani yake. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Usiku ulipoingia uokoaji ulisitishwa, na siku mbili baada ya ajali alitolewa fundi mmoja akiwa hai ndani ya meli. Miezi miwili baadaye mashua ya starehe ilizama upande wa Uganda na kuua zaidi ya 30. Namna ya kuiendea meli iliyopinduka yenye watu ndani, na namna ya kutafuta usiku, ni mambo ambayo wanamaji hujifunza na kuyarudia mpaka yakae mikononi.

Vyombo vipo. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake Kisumu. Shirika la uvuvi la nchi hizi tatu liko Jinja. Kenya ina Walinzi wa Pwani, waliozinduliwa mwaka 2018, na wako ziwani pia. Uganda iliweka wanajeshi majini mwaka 2017 kudhibiti uvuvi haramu.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana kabla ya mwaka kwisha. Kianzie kati ya Sio Port upande wetu na Majanji upande wa Uganda, sehemu ambayo watu wanajuana na kuoana. Siku moja, mashua moja yenye watu sita ihesabiwe imepotea saa kumi na moja jioni. BMU za pande zote mbili zipewe redio na chaneli moja. Walinzi wa Kenya na wanajeshi wa Uganda wagawane eneo la kutafuta kwa ramani moja, na boti ya upande mmoja iruhusiwe kuvuka mpaka ikiwa inaokoa, bila mtu kukamatwa wala kuulizwa kibali. Tanzania itume watazamaji. Zipimwe dakika: kutoka mwito wa kwanza hadi boti ya kwanza kung'oa nanga, na kutoka hapo hadi mashua kupatikana. Matokeo yasomwe hadharani ufuoni, kwa Kiswahili, mbele ya wavuvi wa pande zote mbili, na tarehe ya mazoezi ya pili itajwe pale pale.